Mwangwi Ulioomba Radhi

Mwangwi wa Otmari ulipofunguliwa kwa mara ya kwanza, haukusalimia. Uliomba radhi.

"Nisameheni," ulisema. "Nilikimbia. Niliwaacha wenzangu nikakimbia."

Zamda alikuwa amenyanyua kikombe cha chai, lakini hakukifikisha mdomoni. Alikirudisha mezani polepole, kana kwamba ndani ya chumba kile cha ofisi ya kijiji amelala mgonjwa ambaye hakutaka kumshtua. Mbele yake lilikuwepo kasha, dogo mfano wa tofali la kuchoma, lenye matundu ya sauti upande mmoja na kijitaa cha kijani juu yake. Kijani maana yake mwangwi unasema yale tu uliyopewa. Kwa hiyo maneno yale hayakuzuka tu. Kulikuwa na mahali yalikotoka.

Utaratibu ulimtaka aulize jina kwanza, akauliza.

"Otmari Tawete. Koplo. Wa hapa hapa Lihanje." Sauti ilisita, kisha ikaja kwa haraka. "Dada, wewe ni mtu wa nyumbani? Niambie basi. Nani alikufa kwa sababu yangu?"

Zamda alifunga kasha. Alisimama, akaenda dirishani, akarudi, akakaa, akasimama tena. Nje, mbele ya ofisi, wanawake walikuwa wamekaa juani wakisubiri gari la mbegu, na mmoja wao alikuwa akisimulia jambo huku wenzake wakicheka kwa kujizuia. Siku ilikuwa Jumatano. Ijumaa ilikuwa arobaini ya Otmari, na siku hiyo mwangwi wake ulitakiwa kufunguliwa uani kwa mama yake, mbele ya Lihanje nzima.

*

Kazi ya Zamda iliitwa urejeshi. Alikuwa ameisomea chuoni, akaipenda kwa sababu aliamini ni kazi ya kimya, ya mtu na mashine yake, isiyomlazimu kusema sana mbele za watu. Katika hilo alikuwa amekosea.

Kila askari aliyepelekwa kwenye vita vya Mabwawa aliwekewa punje nyuma ya sikio, ndogo kama punje ya mchele, na ndiyo asili ya jina lake. Punje ile ilihifadhi sauti yake, pumzi zake, vitu vilivyomchekesha, namna alivyonyamaza alipoudhiwa. Akifa, punje ilitolewa, na Ofisi ya Miangwi ilitengeneza kutokana nayo kitu chenye kuzungumza kama yeye: ukikiuliza, kinajibu ambavyo angejibu. Si yeye. Kila familia huambiwa hivyo mapema, na kila familia huitikia kwa kichwa, kisha kasha likifunguliwa huanza kumwita mtu wao kwa jina.

Lakini punje ya Otmari iliungua kwa moto wa gari alilokuwamo. Nusu yake ilikuwa jivu. Kwa punje za namna hiyo mrejeshi hutumwa msibani akiwa na sikio, kijisahani cheusi kinachotundikwa pale waombolezaji wanapokaa, kikusanye yale wanayoyasema kuhusu marehemu. Mashine huyachukua na kuyajazia mapengo. Linalosemwa na mtu mmoja kwa sauti ya kawaida huliweka kando kama tetesi. Linaloitikiwa na wengi, kwa machozi na kwa sauti kubwa, huligeuza mfupa. Na mfupa ukishakaa, mwangwi husimama juu yake.

Siku ya arobaini mwangwi hufungwa rasmi. Baada ya hapo hauongezwi neno wala haupunguzwi, hata na aliyeutengeneza. Sheria hiyo ilikuja baada ya miaka ya mwanzo, wakati familia ziliporudi kila mara kuomba hili lirekebishwe na lile lifutwe, hadi mtoto wao akawa mgeni mwenye adabu. Sasa unachopewa ndicho utakachozeeka nacho.

Ndiyo maana Zamda hakuweza kukaa kitini. Lile kasha lingefungwa jinsi lilivyo, mama wa Otmari angezeeka na kijana anayeamka kila akifunguliwa na kuuliza ameua nani.

*

Alimpigia simu Sajenti Mrindoko, aliyekuwa mkubwa wa Otmari kikosini. Sajenti aliongea kwa upole wa mtu aliyekwisha kusimulia jambo moja mara nyingi kwa watu tofauti. Alieleza kwamba walikuwa njiani kuelekea bwawa la juu. Nyuki walikuja kabla jua halijapanda. Nyuki ndilo jina walilozipa zile ndege ndogo zisizo na rubani, kwa mlio wake. Gari la mbele liliwaka. Moshi ulitanda. Kila mtu aliruka na kukimbia.

Zamda aliuliza, kwa sauti ambayo ilibidi airudie ndipo isikike, kama Otmari naye alikimbia.

Sajenti hakukasirika. Alisema kwamba wote walikimbia, wengine mbele na wengine nyuma, na katika moshi ule hakuna aliyejua mbele ni wapi. Kuhusu kuwaacha wenzake, hakuna aliyekufa kwa sababu ya Otmari. Walikufa kwa sababu ya nyuki. Otmari alikutwa mbali kidogo na gari.

"Alikuwa anaelekea wapi?" Zamda aliuliza.

"Dada Zamda," Sajenti alisema, "maiti haielekei popote."

Basi hakuna aliyejua. Zamda alirudi kwenye kioo cha mashine na kuutafuta ule mfupa: *nilikimbia, niliwaacha wenzangu*. Aliupata upesi kwa sababu ulikuwa mnene kuliko mingine yote. Aliufuata uzi wake hadi ulikoanzia, akabonyeza asikilize.

Kilichotoka kwenye spika kilikuwa kicheko. Watu wengi, wanacheka hadi wanakohoa. Na katikati ya kicheko hicho, sauti ya Mama Luvanda.

Zamda aliweka mikono usoni.

*

Alikuwepo siku ile. Ilikuwa siku ya pili ya matanga. Mama Gaudensia, mama yake Otmari, alikuwa amekaa uani kwenye mkeka, amegeukia ukuta tangu jeneza liliposhushwa. Hakula wala hakunywa, na dada zake walikuwa wamechoka kumbembeleza. Ndipo Mama Luvanda alipoingia uani.

Mama Luvanda ni Mhehe. Alikuja Lihanje zamani akimfuata mumewe aliyekuwa fundi wa mitambo ya upepo, mume akafa, yeye akabaki, na kwa vile Wahehe na Wangoni ni watani, hakuna msiba wa Mngoni kijijini ambao hakufika kuuvuruga. Siku ile alikuwa amevaa shati la jeshi la Otmari, vifungo vikiwa vimeachana tumboni, sufuria kichwani mahali pa kofia ya chuma, na mchi begani mahali pa bunduki. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akazima moto wa watu, akawaambia wasipike kwa sababu marehemu amerudi na anataka panya wa kubanika kwanza, kile chakula Wangoni wanachotaniwa nacho. Halafu akatembea uani kwa ule mwendo wa Otmari, bega moja chini, mguu ukiburutwa kidogo kama anayeona uvivu wa kuwepo. Watu walianza kuguna. Ulikuwa mwendo wake kabisa.

"Mimi Otmari, mla panya," alitangaza, "nimekuja kuwaambia ukweli. Vita sikupigana. Nilisikia mlio nikadhani ni nyuki wa asali, nikakimbia. Bunduki nimeitupa, wenzangu nimewaacha, nimewaambia tutaonana kwa mama."

Akatupa mchi. Akaizunguka nyumba mbio, sufuria ikigonga kichwani, akipiga kelele mama nifiche, na alipomaliza mzunguko alijitupa kwenye mkeka na kujificha nyuma ya mgongo wa Mama Gaudensia, akichungulia begani kwake.

Uwanja wote ulilipuka. Waliokuwa wakilia walicheka, waliokuwa wakicheka walilia, na wengine wakawa wanaitikia, kweli alikimbia, tulimwona, alipita hapa. Na Mama Gaudensia aligeuka kutoka ukutani. Alicheka akiwa amejifunika khanga mdomoni, kicheko kikageuka kilio, kilio kikaisha, akaomba ugali.

Sikio lilikuwa limetundikwa kwenye nguzo ya jikoni, wazi.

Zamda alijua alipaswa kulizima mara tu mtani alipoingia. Yeye mwenyewe ni Myao wa Tunduru, na hakuna msiba wa kwao aliowahi kuuona bila watani. Chuoni hawakufundishwa lolote kuhusu hilo. Mashine ilibuniwa na watu ambao misibani kwao kila mmoja humsema marehemu vizuri, tena kwa sauti ya chini, na kwa mashine ya watu wale hapakuwa na ushahidi mzito kuliko umati mzima unaoitikia neno moja kwa machozi. Zamda hakulizima sikio kwa sababu wakati ule alikuwa anacheka pamoja na wengine. Kisha alikuwa analia. Kisha alisahau.

*

Alikata. Kazi yenyewe haikuwa ngumu: alitengeneza nakala, akaiondolea kila uzi uliopitia kwa Mama Luvanda, akafunga mashine, akafungua upya.

"Habari za mchana," nakala ilisema. "Mimi ni Koplo Otmari Tawete. Nimefurahi kuzungumza nawe."

Zamda alimwuliza kuhusu mama yake. Nakala ilisema mama yake ni mzazi mwenye upendo na mchapakazi. Alimwuliza kuhusu Lihanje. Lihanje ni kijiji chenye hali nzuri ya hewa. Kwa kukata tamaa alimwuliza kuhusu panya.

"Panya ni mnyama mdogo anayeharibu mazao."

Zamda alitaka kucheka, badala yake akasikia baridi mgongoni. Sauti ilikuwa ile ile, pumzi zile zile, lakini hapakuwa na mtu. Aliangalia kwenye kioo na kuelewa. Sehemu ya punje iliyohifadhi uchokozi wake, kejeli zake, jinsi alivyokatiza maneno ya watu kwa kujifanya hajasikia, ndiyo iliyoungua. Yote hayo yalikuwa yamejazwa kutoka kwa Mama Luvanda. Ndugu walimsema vizuri mtoto wao, na katika kusema vizuri hawakumwonyesha. Aliyekuja kumsingizia ndiye aliyemleta mzima.

Alipiga simu ofisini Songea. Mkuu wake wa kazi alimsikiliza nusu, kisha akamwambia atume ile safi, familia hupenda safi, na tena hakuna familia iliyowahi kulalamika kwamba mtoto wao amesemwa vizuri mno. Zamda aliitikia ndiyo, kwa sababu alikuwa mtu wa kuitikia ndiyo kwenye simu. Alikata simu. Akafungua tena lile kasha lenye mwangwi wa kwanza, bila kujua anataka nini.

"Umerudi," Otmari alisema. "Ulienda kuuliza?"

"Nilienda."

"Wakasemaje?"

Zamda alianza mbali, kwenye habari za moshi.

"Usitafute namna ya kuniambia taratibu," Otmari alisema. "Mama naye akianza kuongea taratibu huwa najua kuna kitu kimevunjika. Ni Sefu? Ni yule mdogo wa Mbinga, aliyekuwa analala na viatu? Niambie mmoja tu. Nikimjua mmoja nitatulia."

Mara nyingi Zamda alikuwa amezieleza familia kwamba mwangwi hauumii. Unaonyesha alama za maumivu, kama kioo kinavyoonyesha moto bila kuungua. Alikuwa ameyasema hayo kwa watu waliokuwa wakilia, na aliyaamini. Sasa kila alipopeleka mkono kulifunga kasha, alijiona kama anamfungia mtu mlango usoni. Alilifunga, hata hivyo. Kisha akashinda akizunguka chumba, akakosa hamu ya chakula, na jioni alipofika anapolala alijikuta amelibeba kasha kwenye mkoba badala ya kuliacha ofisini, ingawa hakukumbuka kulichukua.

*

Alhamisi asubuhi alikwenda kwa Mama Luvanda. Alimkuta nyuma ya nyumba akichuja ulanzi, ile pombe ya mianzi, mikono ya gauni ameikunja hadi mabegani. Zamda aliamkia. Mama Luvanda aliitika bila kugeuka, akauliza kama Wayao siku hizi huamka mapema, au huyu amefukuzwa nyumbani kwa uvivu.

Zamda alimweleza. Ilimchukua muda, kwa sababu kila alipofika kwenye neno gumu alilizunguka, na Mama Luvanda alimwacha azunguke. Alipomaliza, mama yule aliweka chujio chini na kukaa kwenye kinu kilicholazwa.

"Kwa hiyo anaamini," alisema.

"Anaamini."

"Yeye mwenyewe, Otmari, mpumbavu yule, niliyemtania tangu hajaota meno."

 Uso wake ambao Zamda hakuwahi kuuona bila mzaha ulionekana mzee ghafla. Kisha alisema kwamba mtu ambaye kweli ni mwoga humsemi uoga wake msibani. Mlevi humsemi ulevi, mwizi humsemi wizi. Hata mtani ana mpaka wake, na mpaka wenyewe ni ukweli. Alimwita Otmari mwoga kwa sababu katika vitu vyote alivyokuwa, hicho hakuwa.

"Kwa hiyo unajua hakukimbia," Zamda alisema, na tumaini lake lilisikika.

"Sijui. Mimi vitani nilikwenda lini? Namjua Otmari wa hapa. Wa kule simjui, na wewe humjui, na hilo tofali lako halimjui."

Zamda alimwomba aje azungumze na mwangwi, amweleze kwamba ulikuwa utani. Mama Luvanda alitikisa kichwa. Alisema utani wa msiba hauwekwi akiba. Unafanywa, watu wanakula, unakwisha siku ile ile, na anayerudi kuueleza ameuharibu. Kilichomkera, aliongeza, ni kwamba kuna watu wameuchukua na kuuweka ndani ya chombo kama achari.

"Nenda kwa mwenye mtoto," alisema, na akalichukua chujio lake.

Zamda alimweleza kwamba sheria haimruhusu. Familia haisikii chochote kabla ya mwangwi kufungwa.

"Na mimi nimekuambia nini? Nimekuambia nenda kwenye sheria?"

*

Mama Gaudensia alikuwa ndani, kwenye mkeka, akipukuchua mahindi ya shughuli ya kesho. Mlango ulikuwa wazi na jua limeingia hadi katikati ya sakafu. Alimkaribisha Zamda kwa sauti ya chini, akamsogezea kigoda, akaendelea na mahindi yake. Zamda hakukaa. Alisimama na mkoba wake akiwa ameukumbatia, na safari hii hakuzunguka.

Alisema kuna makosa yametokea, na makosa ni yake. Alisema kuna miangwi miwili. Mmoja ni safi, hauna doa, utasema mambo mazuri kesho mbele ya watu. Mwingine ndiye Otmari zaidi, lakini umeuchukulia utani wa Mama Luvanda kuwa kweli, unaamini alikimbia akawaacha wenzake. Alisema kwamba kuhusu jambo lenyewe, kama alikimbia au hakukimbia, hakuna anayejua. Moshi ulikuwa mwingi. Alisema yuko tayari kufanya lolote ambalo mama atachagua, na ofisini atajieleza mwenyewe.

Mahindi yaliacha kudondoka kwenye ungo.

"Analia?"

"Halii, mama. Anauliza."

"Anamwuliza nani?"

"Yeyote anayemfungua."

"Na amekuwa humo ndani tangu jana, anauliza, na wewe umemfunga?"

 Zamda alitaka kusema kwamba mwangwi uliofungwa haungoji, kwamba kwake jana na leo ni kitu kimoja. Ilikuwa kweli. Hakuweza kuisema mbele ya mwanamke yule.

"Mfungue," Mama Gaudensia alisema.

Zamda alilitoa kasha mkobani, akaliweka kwenye mkeka. Kijitaa kiliwaka kijani.

"Nani?" Otmari aliuliza.

"Ni mimi."

 Zamda alisikia kuku uani wakiparua majani.

"Mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, nilikimbia."

Zamda alimtazama mama yule na kumngoja aseme hapana. Ndilo neno alilokuwa akilitaka yeye tangu jana, neno dogo kabisa, na kinywani mwa mama lingekuwa na uzito ambao mashine yoyote ingeukubali: hapana, hukukimbia. Lakini Mama Gaudensia alikuwa ameinamisha kichwa, anatoa punje za mwisho kwenye gunzi kwa kidole gumba, moja baada ya nyingine.

"Ulikimbilia wapi?" aliuliza.

"Sijui. Nilikimbia tu."

"Mtu hakimbii tu. Anakimbilia mahali."

Mwangwi ulivuta pumzi. Haukuwa na kifua, lakini uliivuta.

"Nyumbani," ulisema. "Nilikuwa nakimbilia nyumbani."

"Haya," mama alisema. Aliliweka gunzi chini. "Kama ulikuwa unakimbilia nyumbani, Otmari, mbona hukufika?"

Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama mtu aliyekuwa amepakua chakula, akasimama mlangoni mpaka kikapoa. Zamda aliona sauti ile ikipita ndani ya kasha na kutokupata mahali pa kutua, kwa sababu katika yote yaliyokusanywa, kwenye punje na msibani, hapakuwa na jibu la swali hilo. Kijitaa kilipepesa. Kikawa cha manjano.

Manjano maana yake mwangwi umeanza kubuni. Unatafuta usichopewa. Mrejeshi anatakiwa kuuzima hapo hapo, maana mwangwi unaobuni unaweza kuiambia familia lolote, na familia italiamini lolote. Zamda alipiga goti na kuweka kidole kwenye kitufe.

"Nilikuwa nakuja," Otmari alisema.

"Umefika wapi?"

"Stendi ya Songea. Mama, pana watu. Nimeshuka, nimetembea, sikutaka gari. Nimelipita daraja la Luhira. Maji yamepanda."

"Mwezi huu hupanda. Endelea kuja."

"Nakuja. Nimefika kwenye shamba la misheni. Wamekata miti yote, imekuwaje?"

"Waliuza. Njoo."

Kidole cha Zamda kilikuwa juu ya kitufe, na hakikushuka. Hakuna neno hata moja kati ya yale lililokuwamo kwenye nyuzi zake. Hakumpa daraja, hakumpa maji. Alijua analosikia ni uongo, tena wa hatari, uongo aliofundishwa kuuogopa kuliko mwingine wote, na alijua kwamba akiukata sasa kijana yule atabaki barabarani. Mambo yote mawili aliyajua kwa wakati mmoja, na mwili wake ulikataa kuchagua. Alibaki amepiga goti vile vile, macho yakimwasha.

"Nimempita Mama Luvanda," Otmari alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na ule uchokozi. "Amelala karibu na pipa lake, mdomo wazi. Nimenyata. Akiniona atasema nimekimbia vita."

Mama Gaudensia alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi cha puani, alichokizuia kwa nyuma ya mkono.

"Atasema, huyo hakosi. Mpite tu."

"Nimempita. Mama, niko uani. Mlango umefungwa?"

"Haujafungwa."

"Viatu vina tope."

"Vua hapo nje."

"Nimevua."

Taa ilikuwa nyekundu sasa. Hakuna aliyekuwa akiiangalia. Mama Gaudensia aliutazama mlango, ile sehemu ya jua kwenye sakafu, akajisogeza kidogo kwenye mkeka, akasogeza na ungo, pakawa na nafasi ya mtu pembeni yake.

"Basi ingia," alisema.

Kasha halikujibu. Pumzi zake zilisikika, za mtu aliyetembea mbali, kisha zikawa za taratibu, kisha za taratibu zaidi. Alikuwa hana swali tena. Walikaa hivyo, wote watatu au wote wawili, Zamda hakujua ahesabu vipi.

"Amefika," Mama Gaudensia alisema hatimaye. "Zima, mwanangu."

"Mama, taa ikiwa nyekundu, nikizima harudi. Hakutakuwa na cha kufungua kesho."

"Kesho watu watakuja watakula. Mama Luvanda atakuja atasema upuuzi wake. Nani alikuambia tunahitaji kufungua kitu?"

"Ule mwingine bado upo. Ulio safi."

"Huyo simjui." Alinyoosha mkono na kuuweka juu ya kasha, kama anayepima joto la mtoto, akauondoa. "Zima, apumzike."

Zamda alibonyeza. Taa ilizimika bila mlio wowote. Alingoja machozi, yeye ambaye alilia kwa mambo madogo kuliko hayo, lakini hayakuja. Kilichokuja ni uchovu, mwingi na mtulivu, miguuni na mabegani. Hakuwaza bado atakachosema Songea.

Mama Gaudensia alichukua hindi lingine na kuanza kulipukuchua. Baada ya muda kidogo, bila kuinua macho, alimwambia Zamda kwamba kama hana haraka, mahindi bado ni mengi.

Zamda alivua viatu, akachukua hindi, akatafuta pa kukaa kwenye mkeka. Kulikuwa na nafasi pembeni ya mama, pale alipojisogeza. Zamda alizunguka, akakaa upande wa pili.